Mke Mwenzangu wa Baghdadi

Mke mwenzangu alikuwa mwanamume, tena aliyekwisha kufa zamani, tena wa Baghdadi. Jina lake silitaji humu. Limetajwa vya kutosha ndani ya nyumba yangu, kwenye chai na kwenye maharage, na anayelitaka akaulize msikiti wowote ataambiwa. Mimi nataka kumsema aliyekuwa akilitaja, yaani mume wangu, ambaye mtaa wetu mzima wa Kawajense ulimwita Maalimu, na mimi nikamwita hivyo hivyo mpaka anaondoka duniani. Habari za kwao na ukoo wake sina haja nazo. Nilimkuta mtu mzima ana cherehani yake, kanzu zake mbili na kile kitabu kikubwa cha yule mtu, basi naanzia hapo.

Alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule, kanzu, na mapazia ya watu wanaohamia nyumba mpya. Kitabu kilikaa wazi kwenye meza ya cherehani, upande wa kushoto, kimelaliwa na mkasi ili upepo usifunue kurasa. Mguu unakanyaga huku, jicho liko Baghdadi. Siku moja mama mmoja wa Kikristo, jirani yetu Mama Odeta, ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakaja kulima huku, alirudisha shati la mwanawe.

"Maalimu, huu mfuko umeuweka mgongoni," alisema. "Mtoto wanje kalamu atachomeka wapi?" Kwao 'wanje' ni 'wangu'.

Maalimu aliligeuza shati, akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu badala ya kulifumua akaanza kumsimulia Mama Odeta habari za yule mtu wa kale, kwamba alipokuwa kijana anarudi kwao kutoka masomoni, wanyang'anyi walimvamia wakachukua mzigo wake wenye makaratasi yote aliyoandika. Akawafuata nyuma kuwaomba. Mkubwa wa wanyang'anyi akamcheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo ambayo mwizi anaweza kuichukua, akamrudishia. Tangu siku hiyo kila alichosoma akakiweka kichwani. Mama Odeta alisikiliza mdomo wazi, akaondoka amefurahi na shati hana. Aliyebaki kufumua mfuko ni mimi.

Naye Maalimu alimwiga katika hilo, akakiweka kile kitabu kichwani, mlango kwa mlango. Ukimtuma chumvi anarudi na sabuni.

Nilimwonea wivu yule mtu, nasema wazi. Mume akiwa na mwanamke wa nje unaweza kumfuata mtaani ukamwona alivyo, ukasema kumbe ndiye huyu, na meno yale. Mimi wangu ningemfuata wapi? Kila ninapouliza naambiwa uzuri wake. Alikuwa na akili kuliko wote wa zama zake. Mawaziri walimheshimu. Aliandika juu ya sala, juu ya kula, juu ya ndoa, juu ya ulimi, juu ya hasira, juu ya kifo. Hata juu ya husuda ameandika, mlango mzima, na Maalimu alikuwa na tabia ya kuusoma kwa sauti kubwa kidogo siku nikiwa nimenuna.

Kabla ya kukifungua kitabu alinawa, akabadili shati, akafukiza ubani. Kwangu alikuja kulala ananuka mafuta ya cherehani.

Na kuna ile khanga. Mwaka tuliompata binti yetu Hawa alinunua doti moja, nyekundu yenye maua meusi, nzuri kweli. Doti ni vipande viwili, kila mwanamke anajua, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Alinipa kimoja. Nikangoja cha pili. Nikadhani atanipa jioni, labda ameficha kunitania. Jioni nikakikuta kimezungushiwa kitabu, kimekunjwa vizuri pembe kwa pembe, kwa mkono wa fundi. Wanawake hushona sare wakienda harusini na mashoga zao. Mimi nilishona sare na kitabu. Nilipomuuliza akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si nimewapa sawasawa?" alisema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye anatuhesabu wawili.

Lakini nisimwonee. Alikuwa mtu mzuri, na uzuri wake ulinichosha kuusikia kwa watu. Watoto yatima aliwashonea bure. Mwenye msiba hakupiga hodi mara mbili. Alifundisha darsa kwenye kibaraza chetu baada ya alasiri, watu wazima waliotoka kazini, wanaume kwenye mkeka, wanawake nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe. Hakumtukana mwanafunzi hata mmoja. Aliyesoma vibaya alimrudisha taratibu, hata mstari ule ule mpaka jua linazama. Mimi nikikosea kupima kitambaa, alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyefiwa.

Alikuwa na neno lake moja lililojulikana mjini kote: "Umesikia kwa nani?" Ukija na habari yoyote, hata ya mvua, anakuuliza hivyo. Alisema elimu yote ya dini imesimama kwenye swali hilo, kwamba anayesema aseme amepokea kwa nani, na huyo naye kwa nani, majina kamili, mtu na baba yake na alikotoka, mpaka unafika kwenye kinywa kilichosema. Habari isiyo na mwenyewe hakuipokea. Vijana wa bodaboda walimtania kwa hilo. Matokeo ya mpira hakuyaamini mpaka ayasikie redioni, na redioni yenyewe alingoja yarudiwe. Siku niliyojifungua Hawa, mkunga alimtuma msichana mbio mpaka sokoni kumwambia amepata mtoto wa kike. Maalimu aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani akamuuliza, "Umesikia kwa nani?" Soko zima likacheka. Mimi nilipoambiwa sikucheka sana.

Kwenye darsa yake sikukaa hata siku moja. Wanawake wenzangu walinishangaa, mke wa Maalimu anakaanga vitumbua wakati majirani wanachota elimu mlangoni kwake. Nilisema nina kazi. Kweli ni kwamba nilikuwa na ugomvi na mwenye kitabu, na sikutaka kwenda kukaa chini ya miguu yake. Lakini jikoni na kibaraza vilitenganishwa na ukuta wa tofali moja, na Maalimu alikuwa na sauti. Kwa hiyo yale mambo nimeyasikia yote, nimenuna, mwiko mkononi.

Kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha ulimi. Yule mtu alikuwa mwalimu mkuu wa chuo kikubwa cha Baghdadi, wanafunzi wanajaa mpaka nje, jina lake linaimbwa. Siku moja akajitazama moyoni akaona hafundishi kwa ajili ya Mungu, anafundisha kwa ajili ya kusifiwa. Akataka kuacha, akashindwa. Asubuhi anaamua, jioni anaghairi. Mwisho Mungu akaufunga ulimi wake. Akisimama mbele ya wanafunzi neno halitoki, chakula hakipiti kooni, waganga wakakata tamaa. Ndipo akagawa mali yake, akawaachia watu wa nyumbani kwake cha kuwatosha, akaenda Shamu. Kule hakuna aliyemjua. Akajifungia kwenye mnara, akafagia msikiti kama mtumishi. Miaka ikapita ndipo akarudi kwao.

Hapo Maalimu alilia kila mara, na wanafunzi wakalia naye. Yeye naye akaanza kufagia msikiti wetu kila Ijumaa kabla watu hawajaja. Ua wangu haukuwahi kuuona ufagio wake.

Usiku wa kwanza kunisimulia kisa hicho, tukiwa tumeoana juzi tu, nilimuuliza swali moja.

"Mkewe aliitwa nani?"

"Mke wa nani?"

"Wa huyo mtu. Si umesema aliwaacha watu wa nyumbani?"

Maalimu alifikiri. Akafungua kitabu, akafungua na vile vidogo vilivyokuwa vinaeleza maisha yake. "Hawakumtaja," alisema.

"Alisema nini mumewe alipoondoka?"

"Hawakuandika, Mama."

Kwa hiyo tunajua jina la mji, la waziri, la mnara, na hata alichosema mwizi. Nililirudia swali hilo kila tulipogombana, miaka yote ya ndoa yetu, na jibu lilikuwa lile lile. Mwisho akawa ananijibu kabla sijauliza: "Hawakumtaja, Mama Hawa, hawakumtaja."

Sasa nieleze jambo ambalo watu wengi hawakulijua juu yake. Maalimu aliogopa kusifiwa na alipenda kusifiwa, vyote viwili, kwa nguvu sawa. Akiambiwa "darsa ya leo imetugusa," alisema "sifa ni za Mungu," halafu jikoni ananiuliza ni nani aliyesema hivyo, na je, alisema imegusa au imegusa sana. Nilimcheka kwa hilo. Lilikuwa jambo pekee ambalo yeye na mimi tulilijua na yule mtu hakulijua.

Basi ukazinduliwa msikiti mpya kijijini, akaalikwa kusema. Watu walijaa, Wabende, Wakonongo, Wafipa, wafugaji wa Kisukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na wasiokuwa Waislamu vilevile. Aliongea mpaka watu wakasahau kula. Walimbeba mkono kwa mkono kumrudisha kwenye gari. Alifika nyumbani hasemi. Kesho yake hasemi. Uji haukupita. Mimi nikajua. Kisa kile nilikuwa nimekisikia mara nyingi mno nisijue kinaelekea wapi.

"Mama Hawa," alisema mwishowe, "nataka kuondoka kidogo."

"Kidogo mpaka wapi?"

"Ugalla. Porini. Waliponisifu pale nilifurahi, nikaomba moyoni waendelee. Bwana wangu alipojiona hivyo aliondoka."

"Bwana wako aliacha Baghdadi," nilimwambia. "Wewe unaacha kibaraza cha Kawajense na sare za watoto wa watu, na shule zinafunguliwa."

Alitaka kucheka, mdomo ukacheza, halafu akalia. Nami sikumwonea huruma. Nilikuwa nimekaa na hofu hii tangu tulipooana, kwamba siku moja yule mtu atakuja kumchukua wangu kama alivyojichukua mwenyewe, na kwamba mimi nitabaki kuwa "watu wa nyumbani kwake," bila jina, nimeachiwa cha kunitosha.

Asubuhi alisimama mlangoni na kifurushi, kitabu kikiwa ndani ya khanga pacha na niliyojifunga. Nilimwambia haya, na nayakumbuka kwa sababu sijapata kusema jambo lolote kwa utulivu kama ule:

"Nenda. Lakini huyo unayemfuata aliporudi kwao alikuta nyumba imesimama. Kuna mtu alibaki akaisimamisha. Kamuulize huyo mtu alikuwa nani."

Akaenda.

Kichekesho ni kwamba hakwenda mbali na ukoo wangu. Mimi ni mtoto wa Ugalla, baba yangu alikuwa mtu wa nyuki, na kaka yangu anaendelea na mizinga mpaka leo. Maalimu alikwenda kutangatanga kambini kwa shemeji yake. Kaka alinipigia simu kila akipanda mahali penye mtandao. "Shemeji yupo, anachonga mizinga, haongei," alisema. "Anachonga vizuri lakini anapima mno." Mimi nikakaa kwenye cherehani. Sare zilizobaki nilizishona zote, mifuko mbele. Mama Odeta alikuja jioni na mihogo, tukala bila kusema, halafu siku moja akashindwa kunyamaza.

"Weye, huyo mwanamume wa Baghdadi akirudisha mume wako, utamfungulia?"

"Nitamfungulia. Ila yule mwingine abaki nje."

Alirudi baada ya misimu miwili ya mvua, amekonda, mikono imeota sugu, na asali kwenye ndoo. Akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Nikafungua. Akatazama ukuta uliopakwa chokaa upya, akatazama cherehani yenye uzi wa rangi nyingine, akakaa. Hakuomba radhi na mimi sikudai. Tuliishi hivyo, tukiambiana habari za maji na mboga. Darsa ikaanza tena, kitabu kile kile, khanga ile ile imepauka. Kisa cha ulimi nilikuwa nakingoja kwa ubaya, nimwone atakavyokisoma sasa. Hakukisoma. Akikifikia alikiruka, akasema kitasomwa mwishoni.

Siku ya mwisho ya kitabu ilikuwa kijijini Magamba, na alikuwa ameshaanza kukohoa kikohozi chake cha mwisho. Mmoja wa wanafunzi wake wakongwe, mfugaji wa Kisukuma ambaye sote tulimwita Ngosha, aliomba kitabu kihitimishwe nyumbani kwake. Kuhitimisha ni jambo kubwa, mbuzi wanachinjwa. Maalimu alitangulia asubuhi. Mimi nilikwenda na Mama Odeta kwa bodaboda kusaidia pilau, kwa ajili ya mke wa Ngosha tu. Maalimu hakujua kama nipo, wala asingefikiri, kwa sababu hajaniona nyuma ya pazia maisha yake yote.

Pilau lilipowekewa makaa juu, mke wa Ngosha alinishika mkono. "Mayu, leo unakaa," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. Nikakaa nyuma ya pazia, karibu na ukingo, nimejifunga kile kipande changu chekundu.

Sauti ya Maalimu ilikuwa imepungua. Akaanza kisa cha ulimi. Chuo, wanafunzi, sifa, neno lisilotoka. Nikasubiri alie. Hakulia. Alipofika pale yule mtu anapogawa mali yake, akasimama.

"Hapa kitabu hakituambii mkewe alisema nini," alisema. "Hawakumtaja. Nimekisoma tangu ujana wangu nikiona sawa. Lakini mimi ninalo neno la mke wa mtu anayeondoka namna hii, na sitaki lipotee nami. Alisimama mlangoni akasema: Nenda salama. Lakini huyo unayemfuata aliporudi kwao alikuta nyumba imesimama. Kuna mtu alibaki akaisimamisha. Kamuulize huyo mtu alikuwa nani."

 Niseme ukweli, jambo la kwanza nililolisikia lilikuwa hasira. Hata maneno yangu kampelekea yule! Nilibaki na nini tena ambacho hajampa?

Ngosha akakohoa. Alikuwa mwanafunzi mzuri, alikuwa amefundishwa vizuri.

"Maalimu," alisema, "utusamehe. Hayo umesikia kwa nani?"

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali la haki, na Maalimu alilipokea kwa haki.

"Kwa Tausi binti Hamisi, wa Ugalla," alisema.

Jina hilo nilipewa na baba yangu. Tangu shehe alipolitaja siku ya ndoa Maalimu hakuwahi kulitamka. Nilikuwa Mama kabla sijazaa, kisha nikawa Mama Hawa. Wanaume kwenye mkeka walilirudia kwa midomo kama wanavyorudia majina ya wapokezi, mmoja akaandika.

"Huyo Tausi ni mwanachuoni wa zama zipi?" aliuliza Ngosha. "Hatujamsoma bado."

"Hamjamsoma," alisema Maalimu. "Hata mimi nilichelewa kuanza."

Mama Odeta alinigonga na kiwiko. Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nami nikiwa nimejifunga khanga yangu nyekundu, pacha yake iko mbele ya mume wangu chini ya kile kitabu, nilifungua mdomo.

"Maalimu. Sikusema 'salama'. Nilisema 'nenda' tu."

 Upande wa pili nilimsikia Maalimu akicheka, kile kicheko cha shati lenye mfuko mgongoni, mpaka kikohozi kikamkamata wakampa maji.

"Kweli," alisema alipopata pumzi. "Hakusema. Niliongeza mimi, kwa aibu. Futeni 'salama', nyie. Andikeni kama alivyosema mwenyewe."

Nikasikia kalamu zinafuta.